Mafua, dawa za dukani na utumbo wenye kolitisi

Njombe ina baridi ambayo watu wa Pwani huisikia kwa kusimuliwa tu. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi ambazo sakitu huunguza majani ya viazi mabondeni, na darasani wanafunzi hukohoa kwa kupokezana kuanzia dawati la mbele hadi la nyuma. Mwalimu hawezi kuyakwepa mafua katika hali hiyo, na kwa miaka mingi sikuyahesabu kuwa ugonjwa: nilinunua vidonge, nikanywa chai ya tangawizi, nikaendelea na vipindi. Hali ilibadilika nilipogundulika kuwa na kolitisi ya vidonda, ugonjwa wa kudumu unaofanya utando wa ndani wa utumbo mpana uvimbe na kuchubuka, kwa kuwa kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayeishi na ugonjwa huu, au na ndugu yake wa karibu, ugonjwa wa Crohn, ambaye bado anaamini, kama nilivyoamini, kwamba dawa ya mafua ni jambo dogo lisilohitaji kuulizwa kliniki.

Safari ya kugundulika sitaisimulia kwa kirefu, kwa sababu wengi wenu mnaijua. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa bawasiri, nikatibiwa tena amiba, mpaka daktari mmoja alipoona damu haikomi akaniandikia rufaa kwenda Mbeya, ambako utumbo ulipigwa kamera na kipande kidogo cha utando kikachukuliwa kwa uchunguzi. Nilianzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa dozi iliyopunguzwa taratibu, pamoja na mesalazini, dawa ya kuutuliza utando wa utumbo, ya kumeza kila siku bila kuacha, hata ninapojisikia mzima. Nilipokuwa ninaondoka, daktari aliniambia jambo moja kwa mkazo: nisinywe diklofenaki. Nilielewa kwa nini aliitaja hiyo. Huku kwetu diklofenaki ni dawa ya kila kitu. Ya mgongo, ya magoti, ya jino, ya maumivu ya hedhi, na ukienda zahanati ukiwa umejipinda kwa maumivu, sindano ya kwanza unayochomwa mara nyingi ndiyo hiyo. Nililishika agizo hilo kikamilifu. Nilikataa diklofenaki kwa jino lililokuwa likinikesha, nikaikataa hata mama mkwe aliponiletea kwa mkono wake, jambo ambalo si rahisi kwa mkwe yeyote wa Kibena.

Mafua yaliyoniletea matatizo yalianza kama mengine yote. Pua iliziba, koo likawasha, kichwa kikauma kwa mbele, na nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilikwenda kwenye duka la dawa muhimu la mtaani kwetu, lile ambalo mtoa dawa wake amepata mafunzo na anaruhusiwa kuuza orodha fulani ya dawa, ingawa si mfamasia. Kwa mitaa kama yetu, duka hilo ndilo hospitali ya kwanza. Anayeuza tunamwita dokta, naye huitikia.

"Dokta, nina tatizo la utumbo, nimekatazwa diklofenaki. Hizi hazina?"

"Hapana, mwalimu, hizi ni za mafua tu. Meza mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, ukishakula."

Alizikata kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake ya vidonge, akazitia ndani ya bahasha ndogo, akaandika juu yake 2 x 3 kwa kalamu. Kipande chenye majina ya viambato kilibaki kwenye boksi, na boksi likarudi kwenye shelfu. Nililipa shilingi elfu mbili. Baadaye, nilipomwomba anionyeshe boksi lile, tulisoma pamoja: parasetamoli, ibuprofeni, kafeini. Hakuwa amenidanganya. Diklofenaki haikuwamo kweli, na swali langu lilijibiwa sawasawa na lilivyoulizwa. Nilichokuwa sijaambiwa kliniki ni kwamba nilichokatazwa si kidonge kimoja bali ukoo mzima wa dawa, na ukoo huo una majina mengi.

Mafua yalipungua haraka, kiasi kwamba nilimsifia dokta mbele ya walimu wenzangu. Kisha, nikiwa ubaoni mbele ya kidato cha pili, tumbo lilikaza upande wa kushoto kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, na nikajua nina dakika chache sana. Choo cha walimu katika shule yetu kiko ng'ambo ya uwanja wa mpira. Asiyeumwa ugonjwa huu hawezi kuelewa uwanja wa mpira una urefu gani kwa mtu wa aina yetu, na sina haja ya kueleza zaidi. Kilichotoka kilikuwa ute na damu. Wiki iliyofuata nilikuwa nikiamka usiku, nikiogopa kula kabla ya vipindi, nikikataa hata chai ya saa nne kwa kisingizio kwamba nimefunga. Hofu kubwa haikuwa maumivu. Ilikuwa ni ile fikra kwamba mesalazini imeshindwa na kwamba yaliyobaki mbele yangu ni upasuaji.

Katika siku hizo, ushauri ulimiminika kutoka kila upande. Jirani alileta metronidazoli iliyobaki kwa mwanawe, akiwa na hakika kwamba hiyo ni amiba. Mwenzangu mmoja alinishauri vidonge vya kufunga tumbo, yaani loperamidi, ili nivuke wiki ya mitihani. Mfamasia wa Makambako nilikokwenda kuvitafuta alikataa kuniuzia baada ya kusikia neno kolitisi na neno damu, na hadi leo ninamshukuru. Utumbo mpana uliovimba vikali ukizuiwa kusukuma unaweza kutanuka kwa namna ya hatari, na hali hiyo ni ya dharura ya hospitali. Tahadhari hiyohiyo inazihusu dawa za kikohozi zenye kodeini, ambayo nayo hupunguza mwendo wa utumbo, na hili ni jambo ambalo mtu anayekohoa usiku kucha halifikirii hata kidogo anapoomba sirapu ya kumlaza.

Mbeya walinipima choo kwanza ili kuondoa uwezekano wa maambukizi, wakapima damu, wakapima figo. Daktari aliuliza iwapo nilikuwa nimeruka dozi za mesalazini, sikuwa nimeruka. Akaniuliza nimekunywa dawa gani nyingine mwezi huo, nami nikatoa ile bahasha yenye 2 x 3, ambayo haikumwambia chochote. Ilinibidi nimpigie simu dokta wa mtaani, naye akasoma boksi kwa sauti, herufi kwa herufi, huku daktari akisikiliza.

Maelezo niliyopewa ndiyo ambayo ningetamani kuyapata tangu siku ya kwanza. Utando wa tumbo na wa utumbo hujilinda kwa msaada wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, ambazo huchochea ute na kuusaidia mzunguko wa damu katika utando huo. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hupunguza maumivu na homa kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali hizohizo, kwa hiyo zinapotuliza kichwa zinaweza wakati huohuo kuuacha utumbo bila kinga yake. Kupitia sindano au kuingizwa njia ya haja kubwa hakubadilishi jambo hilo, kwa kuwa dawa huingia kwenye damu na kufika kokote; anayedhani sindano ya diklofenaki "haipiti tumboni" anajidanganya. Mtu anayekunywa prednisoloni pia huongeza uwezekano wa kupata vidonda vya tumbo na kutokwa damu anapoichanganya na dawa hizo. Kuhusu figo, mesalazini yenyewe inaweza kuzidhuru, ingawa ni mara chache, na dawa za ukoo huu nazo huzielemea. Ndiyo maana walipima pia kiwango cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Daktari hakusema kwamba ibuprofeni peke yake ndiyo iliyoamsha ugonjwa, na ninaona ni haki niseme hivyo pia. Alisema wapo wagonjwa wanaoinywa bila kudhurika na wapo ambao huanza kutokwa na damu ndani ya siku chache, na hakuna kipimo cha kumjua mtu ni wa kundi lipi kabla ya kujaribu. Mafua yenyewe, kama maambukizi mengine, yanaweza kuwa yalichangia. Lakini kwa kuwa parasetamoli ipo, inapatikana kila mahali na inashusha homa bila kuugusa utumbo kwa namna hiyo, haoni sababu ya mtu mwenye kolitisi kujaribu bahati yake. Nilirudi kwenye prednisoloni: uso ukavimba, usingizi ukakimbia, nikawa ninapika ugali saa nane usiku kwa njaa isiyo na mantiki. Nauli, nyumba ya kulala wageni, vipimo ambavyo bima haikuvigharamia vyote, na mesalazini niliyolazimika kuinunua nje ilipokosekana hospitalini, viliumaliza mshahara wa mwezi na kuutafuna wa pili.

Tangu hapo, swali langu dukani ni jingine. Siulizi kama kuna diklofenaki. Ninasema: nina ugonjwa wa kudumu wa utumbo mpana, ninatumia dawa hizi, na ninaomba kuliona boksi kabla hujakata. Ninatafuta viambato, si jina kubwa lililoandikwa mbele kwa rangi, kwa sababu jina kubwa ni la biashara na viambato huandikwa kwa herufi ndogo pembeni au nyuma. Nikiona diklofenaki, aseklofenaki, ibuprofeni, aspirini, naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indometasini, ketoprofeni au asidi ya mefenamiki, ninarudisha. Aspirini ndiyo inayojificha kuliko zote, kwa kuwa imo katika vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa hata kwenye duka la sukari na sabuni. Hapa lazima niweke tahadhari: mtu aliyeandikiwa aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya moyo asiiache kwa kunisoma mimi, akazungumze na aliyemwandikia. Dokta wa mtaani kwetu sasa huniwekea boksi mezani kabla sijafungua mdomo, na ameanza kuandika jina la dawa juu ya bahasha za wateja wengine pia.

Parasetamoli, hata hivyo, ina mtego wake. Kwa mtu mzima mwenye afya ya ini, kiwango cha juu ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na angalau saa 4 zipite kati ya dozi na dozi. Mwenye mwili mdogo sana, mwenye shida ya ini au mnywaji wa pombe anahitaji kiwango cha chini zaidi. Tatizo ni kwamba vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani, na unga wa kukoroga kwenye maji ya moto nao una parasetamoli, halafu mtu anaongeza Panadol mbili kwa ajili ya kichwa. Hapo amevuka kiwango bila kujua. Kwa sababu hiyo nimeachana kabisa na mchanganyiko wowote: ninanunua parasetamoli peke yake na kuimeza kwa saa zinazojulikana.

Kwa pua iliyoziba, niliyoona inanifaa ni kuisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Matone ya pua ya kuzibua yanafanya kazi pale puani na hayana ugomvi mkubwa na utumbo, lakini hayatumiki zaidi ya wiki moja kwa sababu pua huzoea na kuziba zaidi. Vidonge vya kuzibua pua vinaweza kupandisha shinikizo la damu, na prednisoloni nayo hulipandisha, kwa hiyo nikiwa kwenye prednisoloni sivigusi. Klorifeniramini, ile inayoletea usingizi, sikukatazwa wakati ugonjwa umetulia, ila niliambiwa niiepuke utumbo ukiwa umechafuka, kwa kuwa nayo hupunguza mwendo wake kidogo.

Vingine ni vidogo ila vinachanganya. Sirapu nyingi za kikohozi, hasa zilizoandikwa kwamba hazina sukari, zimetiwa sobitoli, ambayo huleta gesi na kuharisha. Vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji ikinywewa kwa wingi huharisha pia. Kafeini huuchochea utumbo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoamsha vidonda vya kolitisi kwa ninavyofahamu, lakini mtu mwenye ugonjwa huu akiharisha usiku mmoja hawezi kulala kwa kujiuliza kama damu inafuata, na utulivu wa akili nao una thamani yake.

Watu huniuliza kuhusu nyungu. Nimejifukiza kwa mchaichai na majani ya mkaratusi na sikupata madhara, ukiacha hatari ya kumwagikiwa na maji ya moto chini ya blanketi, ambayo si ndogo. Tangawizi na asali ninatumia kwa kiasi. Shubiri situmii kabisa: utomvu wake ni dawa kali ya kuharisha, na wanaoisifia kwa kila ugonjwa hawasemi hivyo.

Sehemu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ilikuja baadaye. Kwa kuwa ugonjwa ulirudi nikiwa kwenye mesalazini, daktari aliongeza azathioprini, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili ili iache kuushambulia utumbo. Dawa hii inaweza kuuzuia uboho kutengeneza seli nyeupe za damu, na inaweza kulikera ini. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara mwanzoni na kila baada ya miezi michache baadaye. Hili lilibadilisha maana ya mafua kwangu. Kabla ya hapo swali lilikuwa ninywe nini. Sasa swali la kwanza ni kama haya ni mafua kweli, kwa sababu koo linalouma na homa inayopanda ni dalili za mafua, na pia ni dalili za mtu ambaye seli zake nyeupe zimeshuka. Parasetamoli haitofautishi. Inashusha homa zote mbili, na kwa hiyo inaweza kukunyamazishia taarifa uliyokuwa unaihitaji. Prednisoloni hufanya vivyo hivyo kwa njia yake, maana huficha homa hata maambukizi yakiwa yanaendelea.

Niliyafahamu hayo kwa vitendo Julai iliyofuata, homa ilipopanda usiku huku pua ikiwa kavu kabisa. Mume wangu aliponiletea parasetamoli nilimwomba kwanza kipimajoto. Kilisoma nyuzi 38.6. Nilikwenda hospitali asubuhi ile, nikamwambia muuguzi wa mapokezi jina la azathioprini kabla ya kutaja homa, na kwa sababu hiyo nilipimwa damu badala ya kupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Malaria pia walipima, na ilikuwa sahihi kupima. Seli nyeupe zilikuwa zimeshuka. Walipiga simu Mbeya, azathioprini ikasimamishwa kwa muda, nikalazwa kwa dawa za kuua bakteria za mshipani, na baadaye nikairudia kwa dozi ndogo zaidi. Uamuzi wa kuisimamisha ulikuwa wao. Prednisoloni, kwa mfano, haisimamishwi ghafla hata mtu awe na homa, kwa sababu mwili uliozoea kuipata huacha kutengeneza homoni yake ya kutosha, na anayeitapika kila akiimeza anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kuna dawa moja zaidi ambayo huku hutolewa kwa kikohozi bila maswali, nayo ni ko-trimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrin. Mafua husababishwa na virusi na dawa hiyo haiviui. Lakini ikichanganywa na azathioprini huongeza uwezekano wa seli za damu kushuka. Wanaotumia salfasalazini, dawa nyingine ya kolitisi, wafahamu kuwa nayo ni ya jamii ya salfa, na aliyewahi kuvimba au kutokwa na malengelenge kwa Septrin alipaswa kumwambia daktari kabla hajaanza.

Katika daftari langu la kliniki nimebandika karatasi yenye dawa ninazotumia na dozi zake, orodha ya ule ukoo nilioukataa, na mstari mmoja kwa wino mwekundu: nikiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, vidonda vya mdomoni, koo linalouma bila mafua, au michubuko isiyo na sababu, nifanyiwe kipimo cha picha kamili ya damu siku hiyohiyo. Kipimo hicho kinafanyika katika hospitali ya wilaya na majibu hutoka kabla ya jioni. Nakala ya karatasi hiyo anayo mume wangu, ya pili iko kwa mwalimu mkuu msaidizi, na ya tatu dokta wa mtaani ameibandika ndani ya kabati la dawa.